Selimundu na ualbino tusiviweke kapu moja

Kwenye somo la urithi la kidato cha nne, selimundu na ualbino hufundishwa wiki moja, mara nyingi kwenye ubao mmoja. Unachora miraba minne, unaandika herufi kubwa kwa jeni ya kawaida na herufi ndogo kwa jeni iliyobadilika, unaonyesha jinsi baba na mama wasio na dalili yoyote wanavyoweza kumzaa mtoto mwenye herufi ndogo mbili. Wanafunzi wananakili, kengele inalia. Juu ya ubao kichwa cha habari ni kimoja: kasoro za kurithi. Nafundisha baiolojia hapa Kasulu, mkoani Kigoma, na hesabu hizo hazina ubishi. Kinachoninyima raha ni kichwa cha habari. Zamani kilikuwa kichwa tu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuigusa ile herufi ndogo. Sasa uwezo huo upo, na orodha iliyoko kwenye daftari imeanza kusomeka kama orodha ya vitu vya kufutwa.

Nianze na selimundu, au siko seli kama wengi tunavyoiita, maana hapo sina kigugumizi. Mtoto mwenye selimundu anaumwa. Ukiwa mwalimu Kasulu utamtambua kabla hujaambiwa: mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku kwetu milimani ikikaza, dawati lake linakaa tupu siku tatu, wakati mwingine wiki, kisha anarudi amevaa sweta mbili na soksi nzito, macho yana umanjano, chupa kubwa ya maji haimtoki mkononi. Niliwahi kukaa ofisini na kijana mmoja ambaye maumivu yalimshika katikati ya mtihani. Hakulia. Alishika mguu wa meza kwa mikono yote miwili, akawa anahesabu kwa sauti ya chini, akifika ishirini anaanza upya, mpaka mama yake alipofika na bodaboda. Vidole alikuwa amevikaza hadi kucha zimekuwa nyeupe. Baadaye nikamuuliza kwa nini alikuwa anahesabu. Akaniambia asingehesabu angepiga kelele, na wenzake walikuwa chumba cha pili wanafanya mtihani.

Chanzo cha yote hayo ni herufi moja ya DNA. Kwenye kromosomu ya 11 kuna jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Mahali palipotakiwa kukaa A pamekaa T, na kwa badiliko hilo asidi amino moja imechukua nafasi ya nyingine. Mwanasayansi Vernon Ingram aliionyesha tofauti hiyo ndogo mwaka 1956 na 1957. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni inashikamana na kujipanga nyuzinyuzi, chembe nyekundu inapinda kama mundu, inakwama kwenye mshipa mwembamba, na pale ilipokwama ndipo panapouma. Ikikwama kwenye ubongo mtoto anapata kiharusi. Wizara ya Afya imekuwa ikitaja watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu nchini kila mwaka.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba inayoitwa Casgevy, na Desemba hiyo hiyo Marekani ikafuata. Ni tiba ya kwanza kuidhinishwa inayotumia CRISPR, mkasi wa kukatia jeni uliowapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier tuzo ya Nobel mwaka 2020. Wataalamu wanachukua seli shina, yaani seli zinazozalisha damu, kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, wanazipeleka maabara, wanakata sehemu inayoiendesha jeni moja iitwayo BCL11A. Hiyo jeni ndiyo inayozima himoglobini tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Ikilegezwa, himoglobini ya tumboni inarudi kazini, nayo haijipangi nyuzinyuzi. Lakini kabla seli hazijarudishwa mwilini, uboho wa zamani, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unauawa kwa dawa kali. Nywele zinanyonyoka, mgonjwa analazwa wiki kadhaa, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni 5 za kwetu. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma imeanza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu, na hilo ni jambo kubwa kwa taifa letu, ila linahitaji ndugu ambaye uboho wake unalingana na wa mgonjwa. Kwa kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, nafasi ni moja kati ya nne.

Mama wa yule kijana nilimweleza habari ya Casgevy alipokuja kuchukua ripoti ya mwanawe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, ikifika Dodoma utaniambia?" Nikamjibu kwamba nitamwambia, ila ajue kwamba inaweza kumnyima mtoto uzazi. Alinyamaza. Hapa kwetu Uha, nchi ya Waha, mtu asiye na mtoto anajua anavyotazamwa, na yeye anajua kuliko mimi. Akasema, "Mwenye kuzaa ni aliyekua. Acha kwanza akue."

Mimi niko upande wake. Nimewasikia watu wenye nia njema, wengine viongozi wa dini ninaowaheshimu, wakisema kuhariri jeni ni kuingilia kazi ya Muumba. Nawaelewa, ila nikiwa na picha ya zile kucha nyeupe kichwani siwezi kukubaliana nao. Tunachanja, tunaongeza damu, tunafanya upasuaji wa moyo kwa mtoto mchanga. Mtoto anaumia, anaomba asiumie, na kuna njia. Swali lililobaki kwangu kuhusu selimundu ni la haki: kwa nini dawa ya ugonjwa ambao wagonjwa wake wengi wako Afrika iuzwe kwa bei ambayo mkoa mzima wa Kigoma hauwezi kumnunulia hata darasa moja la watoto?

Nilipoifundisha hiyo tiba darasani, mvulana mmoja wa nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo na huyu anaweza kutibiwa?" Akamwelekezea kidole mwenzake wa mstari wa mbele, msichana mwenye ualbino. Hakuuliza kwa ubaya, na kwa mujibu wa ubao wangu swali lake lilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu vitu vyote viwili vilikuwa chini ya kichwa kimoja. Msichana akageuka kumtazama. "Nitibiwe nini? Mimi siumwi. Nileteeni miwani." Darasa likacheka, naye akacheka, akarudi kwenye daftari lake, ambalo hulisogeza mpaka karibu liguse pua.

Jibu lake limenifanya nitenganishe mambo ambayo mtaala umeyafunga pamoja. Mtu mwenye ualbino anasumbuliwa na nini hasa?

La kwanza ni macho. Melanini, ile rangi ya ngozi, nywele na macho, inahitajika jicho linapojengwa tumboni, na ikipungua, sehemu ya retina, ukuta wa nyuma ya jicho, inayoona kwa undani haikui ipasavyo, na mboni zinachezacheza bila mtu kutaka. Miwani inasaidia ingawa haimalizi tatizo. Mwanafunzi wangu ubao haoni hata akiwa mstari wa mbele. Ananakili kutoka kwa jirani yake, na ndiyo maana nimejizoeza kusoma kwa sauti kila ninachoandika. Baraza la Mitihani lina karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa kama yeye. Zikiombwa mapema na shule, zinafika, na mtoto anafanya mtihani kama wengine.

La pili ni jua. Hapo sitaki kupunguza ukali wa jambo. Saratani ya ngozi inawaua watu wenye ualbino Tanzania wakiwa bado na nguvu zao. Jua letu la kiangazi halina simile na mtu anayelima maharage kutwa nzima shingo iko wazi. Kinga inajulikana: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kujikinga, na kukaguliwa ngozi kila baada ya miezi michache ili kidonda kikatwe kikiwa kidogo. Mafuta hayo yanatengenezwa hapahapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi, kwa ajili yao. Kutoka Moshi hadi kijiji cha Kasulu ni safari ndefu, na mwenye kuhitaji kopo hilo mara nyingi ndiye asiye na nauli.

La tatu ni sisi. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 yalisambaa mauaji ya watu wenye ualbino, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani zake, kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Serikali ikawakusanya watoto kwenye shule zenye ulinzi, na mojawapo iko hapa wilayani kwetu, Kabanga. Fikiria mtoto wa miaka sita anayetolewa kwa mama yake kwa sababu nyumbani kuna majirani. Mwaka 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa mauaji ya mvulana mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Wengi tulidhani tumevuka. Mwaka 2024 mtoto mdogo alinyakuliwa mikononi mwa mama yake Muleba, Kagera, akapatikana ameuawa.

Katika hayo matatu, la tatu ndilo linalowanyima usingizi wazazi ninaowajua, nalo haliko kwenye kromosomu yoyote ya mtoto. Ndiyo maana nakataa kabisa hoja niliyowahi kuisikia kwa mtu msomi, kwamba siku sayansi ikiweza kuzuia watoto wenye ualbino wasizaliwe, mauaji yatakwisha yenyewe. Yatakwisha, ndiyo, kwa kuwa hatabaki wa kuuawa. Mwenye panga atakuwa ameachwa alivyo na mwenye ngozi ndiye atakayekuwa amerekebishwa. Siwezi kuiita hiyo tiba.

Halafu kuna hesabu, na hii napenda wanafunzi waifanye wenyewe. Makadirio yanayotajwa sana kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino kati ya 1,400. Tafuta kipeuo cha pili cha 1,400, unapata kama 37. Kwa kanuni tunayoifundisha, hiyo maana yake nakala moja ya jeni kati ya 37 ni ya ualbino, na kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, mtu mmoja kati ya 19 hivi ana nakala moja ya ualbino bila kujua. Darasa langu lina wanafunzi 60. Watatu wanayo, na pengine mmoja wao ni yule aliyenyoosha kidole. Kwa wengi wenye ualbino Tanzania, kilichotokea ni kipande cha herufi kama 2,700 kukatika kwenye jeni ya OCA2, kromosomu ya 15, na kipande hichohicho kimepatikana pia kwa watu wenye ualbino Afrika Kusini. Ni ishara kwamba kilikatika mara moja, zamani sana, na kimesafiri na mababu zetu mpaka leo. Anayetaka kuufuta ualbino hawezi kuanza na kuishia kwa yule msichana wa mbele. Itambidi aingie kwenye ukoo wa karibu kila mmoja wetu.

Nisije nikaonekana nawasemea watu ambao wana midomo yao. Fundi cherehani ninayeshonesha kwake nguo ana ualbino, na sikio lake la kushoto limepungua ukingo kwa sababu saratani ilikatwa hapo. Nilimuuliza wazi: ikija sindano ya kurudisha rangi, ungechoma? Hakufikiri mara mbili. "Masikio na pua," akasema, akivigusa, "na hapa nyuma ya shingo. Kwingine kote hapana shida, kunatosha." Akaendelea kukata kitambaa. Jibu hilo lina hekima ambayo sijaikuta kwenye mijadala mingi ya wataalamu. Anajua panapomuuma ni wapi, anajua kipimo, na anajua pa kuishia. Kama sayansi itampa hicho anachokitaka, kwa bei ya fundi cherehani, nitaishangilia kama ninavyoishangilia tiba ya selimundu.

Kwa hiyo mpaka wangu haupiti kati ya selimundu na ualbino kama magonjwa kwenye orodha. Unapita kati ya mtu aliyepo, anayeweza kusema "hapa panauma, nisaidie", na mtu ambaye bado hajazaliwa, ambaye tunataka kumchagulia awe nani. Kwa Casgevy, herufi zinazobadilishwa ziko kwenye damu ya mgonjwa tu. Mtoto wake akizaliwa hazirithi. Ukihariri kiinitete, yaani mimba ya siku chache, ni jambo lingine, kwa sababu kila seli inabadilika, na wajukuu wanarithi. Novemba 2018 mtafiti wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha wa kike aliowahariri jeni iitwayo CCR5 wakiwa viinitete, akidai anawakinga na VVU. Watoto hao hawakuwa wagonjwa. Njia nyingine za kuwakinga zilikuwepo. Na mabadiliko aliyoyaweka hayakuwa hata yale yaliyofahamika kwa watu wenye kinga hiyo kwa asili. Desemba 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Yeye alishatoka gerezani, wasichana wale wataishi na jaribio lake maisha yao yote, na watoto wao pia.

Hata kwa selimundu, ambayo naichukia, nisingeruhusu mtu aingie kwenye ukoo. Sababu iko hapa hapa Kigoma. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alichapisha utafiti wake kutoka Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu anapata kinga dhidi ya malaria. Nakala mbili zinakuumiza, nakala moja inakulinda usife kwa malaria kali ukiwa mtoto, na ndiyo maana jeni hiyo imedumu kwetu. Katika utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017, mkoa wa Kigoma ndio ulioongoza, asilimia 24 ya watoto chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa na vimelea. Chukua mkasi sasa, uiondoe jeni hiyo kwenye vizazi vyote vya Kigoma kwa nia nzuri kabisa, kisha hesabu watoto wa Uvinza na Kakonko msimu wa mvua. Yule kijana wangu atibiwe yeye. Ukoo wake uachwe uendelee kuamua, na wanaotaka kuoana wapime damu kabla, wajue, wachague kwa macho wazi.

Kuna watakaosema haya yote ni ya mbali, huku kwetu hata maji ya bomba ni shida. Sikubali, kwa sababu kumbadili mtoto bila kumuuliza si mambo mageni kwetu hata kidogo. Watoto wachanga wangapi wamekatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi cha kawaida? Wangapi wamechimbwa ufizi kutolewa "meno ya plastiki", wakaishia na maambukizi? Mikono iliyofanya hivyo ilikuwa ya upendo. Mkorogo nao tunaujua, na hospitali ya Mloganzila ilipoanza kutangaza upasuaji wa urembo, nchi nzima ilibishana. Mtu mzima akiamua kuhusu tumbo lake ni haki yake na sina neno naye. Mtoto asiyejua kusema ndiye ninayemhofia, sasa kama zamani, iwe kwa kisu cha kibibi wa kijijini au kwa mkasi wa maabara.

Tuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, ambayo kwa sehemu kubwa inahusu sampuli na utambuzi wa watu. Tuna kamati za maadili zinazopitia utafiti wa afya chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Siku ambayo maombi ya kuhariri jeni yatafika kwenye meza hizo, nataka Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania kiwe kimekaa pale tangu kikao cha kwanza, chenye kura, pamoja na wagonjwa wa selimundu na mama zao. Wao ndio wenye mwili unaozungumziwa. Na wakati tunasubiri siku hiyo, yapo yasiyohitaji mkasi wowote: kila mtoto anayezaliwa Kigoma apimwe selimundu akiwa mchanga, haidroksiyurea, dawa ya zamani inayopunguza mashambulizi ya maumivu, ipatikane hadi kwenye vituo vya afya, na mafuta ya jua yakae kwenye rafu ya zahanati pale pale panapokaa dawa ya malaria.

Muhula ujao nitachora ile miraba minne kama kawaida. Ila ualbino utakuwa kwenye somo la urithi wa sifa, pamoja na rangi ya macho na makundi ya damu, na karatasi ya kuomba mtihani wa maandishi makubwa nimeshaijaza.